Kadi ya Pasaka kwa mama: niandike nini?

Wapendwa, mama yangu yuko Moshi, ana miaka 71. Kadi ya Krismasi niliyomtumia mwaka 1998 nikiwa shule ya bweni Tabora bado ameihifadhi ndani ya Biblia yake. Pasaka hii nataka kumtumia nyingine ya karatasi, si picha ya WhatsApp. Nichague andiko gani?

Jibu: Hesabu 6:24-26, baraka anayoisikia mwisho wa ibada. Andika kwa mkono, herufi kubwa.

Jibu: Andiko lisimeze maneno yako. Mtajie jambo moja alilokutendea.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitaandika: "Shikamoo mama. Uliuza kahawa ukanilipia ada. Kristo amefufuka. Nakupenda." Hilo neno la mwisho sijawahi kumwambia. Kesho asubuhi naenda posta.