Wakuu, stoo imepiga ukungu na kifua kinanibana, naomba ushauri

Kijana_wa_Ngamiani: Wakuu habari za jioni. Niko Tanga mjini, nina chumba nyuma ya nyumba nimekifanya stoo, sasa masika hii bati limevuja ukuta wote umeota ukungu, nikiingia tu nakohoa macho yanawasha. Jirani kaniambia hewa ya ukungu inaleta kansa. Ni kweli? Na nipake rangi gani? Usiku silali kwa kuwaza.

FundiChuma: Rangi ya maji usiguse, itabanduka. Ziba bati kwanza. Mimi kwangu Chumbageni chumvi ya bahari ilikula ukuta mpaka tofali zikaonekana, fundi akala hela akapotea, mpaka leo namtafuta.

BintiMaabara: Kaka, kabla ya rangi, humo stoo kuna nini?

Kijana_wa_Ngamiani: Vitu vya kawaida dada. Mahindi kidogo.

BintiMaabara: Kidogo ni kiasi gani, na anayekula ni nani?

Kijana_wa_Ngamiani: Ni magunia ya Handeni, nilichukua kwa mkopo. Nasaga unga wa lishe nauzia kina mama wenye watoto. Ila nimeshaanika juani, yaliyogandana chini ya gunia yenye unga wa kijani nimetoa, mengine yameshaenda mashine. Na uji si unachemka sana jamani, sumu si inakufa?

BintiMaabara: Haifi. Kuvu ndio linakufa, sumu yake inabaki, moto wa uji hauiwezi. Ndio hiyo sumukuvu. Ile kali zaidi, aflatoksini B1, ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli na kuviharibu, kansa ya ini inaanzia hapo. Shirika la WHO la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza, yaani imethibitika inasababisha kansa kwa binadamu. Mwenye homa ya ini B ndio balaa, kwake nguvu ya sumu hii kuleta kansa inakadiriwa kama mara 30 ya asiye nayo. Na ikiwa nyingi haingoji kansa, 2016 Dodoma na Manyara watu walikula mahindi ya hivyo wakapata macho ya njano na matumbo kuvimba, 20 wakafariki. Hewa nayo usiidharau, vumbi la mahindi yenye kuvu linabeba sumu, ukipakua funika pua na mdomo, ila ushahidi mzito wa kansa uko kwenye kula.

Babu_Korogwe: Sisi mahindi tulikuwa tunatundika darini juu ya jiko, moshi unayapiga, yanakauka kweli kweli. Vijana mna haraka ya hela mpaka mnasahau ni midomo ya watoto wa watu. Mche Mungu mwanangu.

Mlalahoi_Raskazone: Hii chai wakuu. Handeni nani anavuna masika? Na huyu huyu juzi juzi alisema ni bodaboda.

FundiChuma: Eti kweli bana, weka picha ya stoo.

Kijana_wa_Ngamiani: Mahindi ni ya mwaka jana, kilichovuja masika ni bati. Boda naendesha mchana. Nitunge hadithi ili iweje?

Mama_Mikanjuni: Chai isiwe chai, mie mjukuu wangu anakunywa uji wa lishe kila asubuhi na unga nanunua mtaani. Unga wako unaitwaje mwanangu?

Kijana_wa_Ngamiani: Hauna jina mama, nafunga kilo kilo. Lakini unanukia vizuri, hakuna aliyelalamika.

BintiMaabara: Harufu haisemi kitu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, huwezi kuiona wala kuionja. Simamisha mashine leo. Uliza TBS, shirika la viwango, habari za kupima, na sampuli usichote juu tu, chota juu, kati na chini ya kila gunia, sumu hukaa sehemu sehemu. Pumba usimpe ng'ombe wa maziwa, sumu inatokea kwenye maziwa. Na waliokwisha kununua waambie.

Kijana_wa_Ngamiani: Mashine nimepiga simu wasimamishe. Ila mahindi yaliyobaki mazima siwezi kutupa dada, ni deni la watu. Na karanga je? Zilikuwa chumba hicho hicho, sikuzitaja kwa sababu zina maganda.

BintiMaabara: Karanga nazo zinashika sana sumu hii, ganda siyo kinga. Umeshazichanganya kwenye unga?

Mama_Mikanjuni: Jibu hilo mwanangu. Na useme unauzia mitaa gani.