Mjadala: Je, Nikea ndiko Yesu alikofanywa Mungu?

Mleta mada:
Ndugu zangu, kuna hoja inarudiwa kila mahali: kwamba mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu kwenye mtaguso huko Nikea (mji uliokuwa katika Uturuki ya leo), wakapiga kura, na nabii wa Nazareti akatoka humo akiwa Mungu. Naipinga, tena kwa maandishi.

Mnamo mwaka 112 hivi, Pliny, liwali wa Kirumi huko Bithinia (nayo katika Uturuki ya leo), alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo. Walioshtakiwa walimweleza kuwa walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Hakuridhika, akawatesa wanawake wawili watumwa ili apate ukweli zaidi. Huyu hakuwa Mkristo. Hakuwa na sababu ya kuwapamba. Karibu na miaka hiyo Inyasi, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa, aliwaandikia Waefeso akimtaja "Mungu wetu, Yesu Kristo". Nikea ilikuwa bado karne mbili mbele.

Mchangiaji:
Mkuu, umechagua mashahidi wanaokufaa. Yustino, mwandishi Mkristo wa katikati ya karne ya 2, katika majibizano yake na Myahudi Trifo, anakiri kwamba wapo wanaomkubali Yesu kuwa Kristo huku wakisema ni mtu aliyezaliwa na watu. Askofu Ireneo naye, baadaye katika karne hiyohiyo, anawataja Waebioni, Wakristo wa Kiyahudi waliosema Yesu ni mtu tu. Na Yustino huyohuyo anamweleza Kristo kuwa Mungu mwingine, aliye chini ya Muumba wa vyote. Hiyo ndiyo imani ya Nikea?

Mleta mada:
Siyo, na hapo nakubaliana nawe kabisa. Lakini angalia Arius, kasisi wa Aleksandria ambaye mafundisho yake yalikataliwa Nikea: hata yeye hakusema Yesu ni mtu tu. Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa kabla ya ulimwengu. Walichogombania ni kama Mwana ana asili moja na Baba, na ugomvi huo uliendelea hadi mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381.

Jambo zito zaidi kwangu liko Wafilipi 2. Paulo anaandika kwamba kwa jina la Yesu kila goti lipigwe, na katika Isaya 45 maneno hayo Mungu anayasema juu yake mwenyewe. Barua hiyo imeandikwa ndani ya miaka 30 hivi tangu kusulubiwa. Wayahudi waliolelewa kukiri Mungu mmoja walifikaje hapo upesi hivyo? Anayesema imani hii ilizuka baadaye na aanzie hapo.