Naomba ushauri: meza ya vinywaji vya kujihudumia kwenye akika, wageni 110, Tanga

ShangaziWaTanga

Assalaam alaykum na habari za wakati huu wana jukwaa.

Wiki mbili kutoka leo tunafanya akika ya mtoto wa kaka yangu, hapa nyumbani Ngamiani. Mbuzi wawili wameshapatikana, mpishi wa pilau yupo, maulidi watasoma vijana wa madrasa ya mtaani. Tunaanza baada ya sala ya alasiri na tunategemea kumaliza kabla ya magharibi, kwa hiyo ni kama saa tatu hivi. Wanaume watakaa chini ya turubai mbele ya nyumba, wanawake uani. Mimi nimekabidhiwa vinywaji.

Mwaka jana kwenye harusi ya mdogo wangu tulitafuta vijana wanne wa kugawa soda. Waliokaa mbele walipata mbilimbili. Kina mama waliokuwa jikoni tangu alfajiri hawakuona hata moja. Jirani yetu mmoja, bibi mwenye sukari, alikaa mpaka magharibi bila tone la maji, maana kila aliyepita mbele yake alikuwa amebeba kreti ya soda na yeye aliona haya kuita. Nilimkuta midomo imekauka. Jambo lile limenikaa moyoni hadi leo.

Safari hii nataka meza ambayo mtu anakwenda mwenyewe, anachukua kikombe, anajaza anachokitaka: maji, ukwaju, rozela, embe. Nimefikiria ndoo za lita 20 zenye koki. Nimepanga lita 40 za juisi na katoni chache za maji. Je, zinatosha? Vikombe nikodi glasi au ninunue vya kutupa? Barafu je, maana umeme wetu hauaminiki? Na mama yangu anasema wageni wataona tumewadharau. Nisaidieni.

Mpishi_wa_Shughuli

Waalaykum salaam dada. Nafanya kazi hii Dar mwaka wa kumi na nne sasa, nitakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe.

Lita 40 ni chache sana. Piga hesabu hivi: kwenye joto la pwani mtu mzima anakunywa vikombe viwili saa ya kwanza, kisha kimoja kila saa. Saa tatu ni vikombe vinne. Kikombe cha kawaida ni mililita 250, kwa hiyo kila mgeni ana lita moja. Wageni 110 ni lita 110. Nusu yake iwe maji. Lita 55 za maji ni madumu matatu ya lita 18.9, yale makubwa ya kupindua. Lita 55 za juisi ni ndoo zako tatu, kila moja usiijaze mpaka ukingoni. Watoto wapo lakini usiwapunguzie hesabu, wale wanakunywa kuliko sisi kwa sababu wanakimbia.

Sasa koki. Hapa ndipo shughuli nyingi zinaharibika. Nunua ndoo mpya, usichukue ile iliyokuwa ya kunawia mikono hata ukiisugua namna gani. Ijaze maji usiku wa kuamkia shughuli uiache juu ya gazeti. Asubuhi ukikuta gazeti limelowa, fungua koki, geuza raba, kaza tena. Halafu koki haiko chini kabisa ya ndoo, iko juu kidogo, kwa hiyo lita moja na ushee inabaki chini haitoki. Weka kipande cha ubao nyuma ya ndoo iinamie mbele. Na ndoo ikae juu ya stuli au tofali lililofunikwa kitambaa, kikombe kipite chini ya koki kikiwa kimesimama. Chini yake weka beseni dogo la matone. Usipoweka, baada ya nusu saa ardhi ni tope na kanzu za watu zimechafuka.

Embe usiipitishe kwenye koki. Ina nyuzi, itaziba kabla ya maulidi kufika katikati. Ubuyu hivyohivyo. Koki inataka juisi nyepesi iliyochujwa kwa kitambaa: ukwaju, rozela, tangawizi, limau. Embe itie kwenye majagi yenye vifuniko, uyajaze kidogokidogo.

BintiMakorora

Shoga, usisahau sisimizi! Miguu ya meza itie kwenye makopo yenye maji, kama bibi zetu walivyokuwa wanafanya kwa kabati la sukari. Na nyuki wa mchana wanaipenda sana rozela. Kila kitu kiwe na kifuniko, hata vikombe vipinduliwe kwenye sinia chini ya shashi.

MzeeWaRaskazone

Mwanangu, nimesoma kwa makini. Nia yako ni njema na habari ya yule bibi inasikitisha. Ila mama yako ana haki. Sisi tumelelewa kwamba mgeni akishaketi, kinywaji kinamfuata alipo. Mzee wa miaka 75 ameshikwa na magoti, amekaa kwenye mkeka anaitikia kiitikio cha maulidi, umwambie ainuke akapange foleni na watoto? Atakaa na kiu yake, kisha atarudi nyumbani na hatosema neno. Hilo silo ulilolikusudia.

ShangaziWaTanga

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa. Kweli sikuwafikiria waliokaa mikekani.

MzeeWaRaskazone

Marahaba mwanangu. Liangalie tu hilo.

Mpishi_wa_Shughuli

Nakubaliana na mzee kabisa. Meza hiyo ni ya watu wenye miguu mizima. Wazee watengee wasichana wawili na vijana wawili wenye sinia, na kazi yao iwe ni wazee peke yao. Kila mmoja apewe safu yake, aulize "Nikuletee maji au ukwaju?" Usiwaache wachague wenyewe pa kupita, ndipo yanapotokea yale ya watu wa mbele kupata mbilimbili. Na kahawa haijihudumii, hiyo ipitishwe na dele na vikombe vyake, pamoja na tende au halua. Ukiwapelekea wazee kahawa kwa heshima yake, hakuna atakayesema amedharauliwa kwa sababu vijana wanajichotea ukwaju pembeni.

Na mezani penyewe pakae mtu mzima mmoja muda wote. Asigawe. Kazi yake ni kujaza ndoo, kufuta meza na kuzuia watoto wasichezee koki.

Nesi_WaZamu

Mimi ni muuguzi, naomba niseme la maji na barafu, nawasihi mlisome mpaka mwisho.

Watu wengi wanachemsha ukwaju vizuri kabisa, unaiva, unachujwa, halafu wanauzimua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Kazi yote imeishia hapo. Maji ya kuzimulia nayo yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, yapozwe kwenye chombo kilichofunikwa. Kadhalika barafu. Kugandisha hakuui vijidudu vyote, vingi vinalala tu, barafu likiyeyuka kwenye kikombe vinaamka. Barafu la soko la samaki ni la kupozea samaki. Ukilinunua, likae nje ya chupa na ndoo, lisiingie ndani ya kinywaji hata punje. Tulioikuta kazini kipindupindu cha mwaka 2015 tunajua shughuli moja inavyoweza kujaza wodi.

Ninavyofanya kwangu: nakusanya chupa tupu za maji za lita moja na nusu, nazisafisha, najaza maji yaliyochemka na kupoa, naacha nafasi juu kwa sababu maji yakiganda yanatanuka na kupasua chupa. Nazigawa kwenye friza za majirani siku nne kabla. Siku ya shughuli, chupa nzima iliyogandishwa, imeoshwa nje, inatumbukizwa ndani ya ndoo ya juisi ikiwa na kizibo chake. Juisi inapoa na haizimuki, na mkono wa mtu haugusi barafu. Chupa ishirini ni karibu kilo 30, ukizifunika na maranda ya mbao au blanketi nzito zinavumilia umeme ukikatika.

Kwa wenye sukari: fanya ndoo moja ya ukwaju bila sukari kabisa, iandikwe kwa herufi kubwa HAINA SUKARI, na sukari iwe pembeni kwenye bakuli lenye kijiko. Anayetaka atajitilia. Yule bibi yako atapata cha kunywa bila kumuomba mtu.

MwanaWaMvita

Salamu kutoka Mombasa. Dada, kwetu tuliwahi kufanya hivi kwenye hitima ya babu. Kosa letu lilikuwa kuweka meza moja tu, tena upande wa wanaume. Kina mama wakawa wanatuma watoto, mtoto anarudi na kikombe nusu, kingine kimemwagika njiani. Weka meza mbili, uani na barazani, zilingane. Ikiwa ndoo za ukwaju ni mbili, moja huku moja huku. Uani ndiko waliko wapishi, huko maji yaishe mwisho.

Meza isikae karibu na chakula wala mlangoni. Tafuta kivuli, hata cha mwarobaini, na iachwe wazi pande zote mbili ili watu wachote huku na huku. Vikombe viwe mwanzo, maji yafuate, kisha sharubati. Mtu akikutana na maji kwanza atakunywa maji kwanza, na sharubati yako itafika mwisho wa shughuli.

Na watoto wapatie stuli fupi yao yenye jagi la maji na vikombe vya plastiki. Wakubwa watapumua.

BintiMakorora

Kuhusu vikombe: vya kutupa mtu anaweka chini, anasahau, anachukua kingine. Wageni 110 utahitaji 250 na bado kesho yake unaokota uwanja mzima. Ulizia kikundi cha kina mama mtaani kwenu, vingi vina vyombo vyao vya shughuli, vikombe vya plastiki vigumu au vya bati. Weka mabeseni matatu nyuma ya nyumba: la sabuni, la kusuuza, na la mwisho maji ya moto. Wasichana wawili wakikaa hapo, vikombe 150 vinatosha.

ShangaziWaTanga

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho kwa Mpishi: ukwaju kiasi gani, sukari kiasi gani?

Mpishi_wa_Shughuli

Kilo moja ya ukwaju wenye mbegu mimi naitolea lita nane mpaka kumi. Loweka kwenye maji ya moto saa nzima, vuruga kwa mwiko, chuja mara mbili, uchemshe tena. Sukari kilo moja kwa lita kumi, uonje, ukwaju mwingine ni mkali. Rozela kavu robo kilo kwa lita kumi. Ila rozela na ukwaju usivilaze kwenye sufuria ya alumini, vina uchachu vinakula sufuria na ladha inageuka. Tumia ya stili au ndoo ya plastiki ya chakula. Pika vizito siku moja kabla, uvizimue asubuhi. Tende za maziwa kama ulizifikiria, ziache. Jua la Tanga halizingoji.

ShangaziWaTanga

Wana jukwaa, nimerudi kama nilivyoahidi. Akika ilikuwa jana, mtoto amenyolewa, amepewa jina, alhamdulillah.

Tuliweka meza mbili. Koki ya ndoo moja ilivuja ule usiku wa majaribio, tukageuza raba ikakaa sawa. Umeme ulikatika ijumaa usiku, chupa tulizozihifadhi kwa majirani zilifunikwa mablanketi na nyingi zilifika alasiri zikiwa bado na barafu katikati. Maji ndiyo yaliyoisha mwanzo, tena uani, kabla pilau haijapakuliwa. Mwana wa Mvita, nilikukumbuka. Tulihamisha dumu moja kutoka mbele, na kaka akakimbilia dukani kuongeza mawili. Safari nyingine uani nitaanza na madumu mawili peke yake. Rozela ilibaki kama lita sita, ukwaju haukubaki.

Wazee walipelekewa walipo. Mama alisimama barazani akiangalia wale wasichana wanavyoinama kuuliza kila mzee, na hakusema kitu tena kuhusu meza.

Yule bibi jirani alikuja. Alikwenda mezani mwenyewe na mkongojo wake, akasoma kile kikaratasi kwa sauti, "haina sukari", akajaza kikombe, akakaa kwenye kiti pale pale pembeni ya ndoo. Akanywa vitatu.

Nesi, kuna kina mama wawili wanataka kujua ile ndoo isiyo na sukari unaweza kuitia tangawizi bila kuiharibu?

Nesi_WaZamu

Mashallah, hongereni sana, Mungu amkuze mtoto. Tangawizi inafaa kabisa. Itwangeni, ichemsheni pamoja na ukwaju, ichujwe vizuri kabla ya kuingia kwenye ndoo, isije ikaziba koki.