Kitufe cha "Lipa" kinabonyezwa mara tatu: alama ya kusubiri niiweke wapi?

Msimbo_Kadutu (Bukavu)

Yambo wandugu. Naomba ushauri juu ya ukurasa wa kununua tiketi za boti Bukavu–Goma. Mteja anachagua siku, anachagua kiti, anaandika namba ya simu, anabonyeza "Lipa". Sava inajibu baada ya sekunde 2, mara nyingine 15, kadiri rezo (mtandao) ilivyo. Muda huo wote kitufe kinakaa vilevile, watu wanabonyeza tena na tena, na kuna wanaokatwa pesa mara mbili. Nimeweka kiduara kikubwa katikati chenye pazia jeusi juu ya ukurasa mzima. Sasa wateja wanasema ukurasa umeganda, na rezo ikikatika pazia haliondoki kabisa. Natumia JavaScript tupu. Nifanyeje?

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Ndugu, ondoa hilo pazia. Alama ya kusubiri inakaa pale kidole kilipogusa. Mtu akibonyeza "Lipa", macho yake yako kwenye "Lipa". Hapo ndipo anapotafuta jibu. Pazia linamzuia hata kusoma tena namba ya simu aliyoandika, na hicho ndicho kitu anachotaka kuhakikisha wakati anasubiri.

Kwenye kitufe badilisha maneno papo hapo, usichelewe hata kidogo: "Lipa" iwe "Inatuma…", na kiduara kidogo kando yake. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 1993 vipimo ambavyo bado vinafaa: chini ya sekunde 0.1 mtu anaona kitu kimetokea mara moja. Ikipita sekunde 1 mfululizo wa mawazo yake unakatika. Ikipita 10 akili yake inakwenda kwingine. Wewe unafika 15, kwa hiyo kiduara peke yake hakitoshi. Baada ya sekunde 8 hivi ongeza sentensi chini ya kitufe: "Bado tunasubiri jibu, usifunge ukurasa."

Kuhusu kufunga kitufe: usitumie `disabled` (alama ya HTML inayokizima kabisa). Kwenye brauza nyingi kitufe kikifungwa hivyo, anayetumia kibodi au kisoma-skrini (programu inayowasomea wasioona) anapoteza mahali alipokuwa. Weka `aria-disabled="true"`, inayomwambia tu msomaji kuwa kitufe kimefungwa, halafu kwenye msimbo tumia kigezo `inatuma`; kikiwa kweli, mbonyezo wa pili unarudishwa bila kufanya kitu. Na ukifunga fomu nzima, kusanya data kwanza. Viwanja vyenye `disabled` havitumwi, ndiyo maana wengine wanaona namba ya simu inafika sava ikiwa tupu.

Pazia lako linanasa kwa sababu mbili. Ya kwanza, msimbo wa kuliondoa umeuweka penye mafanikio tu. Uweke ndani ya `finally`, sehemu inayotekelezwa ombi likifaulu au likishindwa. Ya pili, `fetch`, amri ya JavaScript ya kutuma ombi kwa sava, hukuachia usubiri mpaka brauza yenyewe ichoke. Ipe kikomo: `signal: AbortSignal.timeout(20000)`. Kumbuka pia kwamba `fetch` haihesabu jibu la 500 (sava imeshindwa) kuwa kosa, kwa hiyo angalia `jibu.ok` kabla ya kuandika "Imefaulu".

DadaHimbi (Goma)

Kaka Katuba amesema vema juu ya kitufe, lakini kitufe hakilindi pesa. Kinamweleza mtu hali tu. Anayezuia malipo mawili ni sava.

Fomu ikifunguka, tengeneza ufunguo mmoja, yaani namba ya kipekee, kwa `crypto.randomUUID()` na uutume pamoja na ombi la malipo. Usiutengeneze ndani ya mbonyezo, maana kila mbonyezo utapata ufunguo wake na hujazuia chochote. Kwenye jedwali la malipo safu ya ufunguo iwe `UNIQUE`, isikubali ufunguo uleule mara mbili. Ufunguo ukija mara ya pili, sava irudishe jibu la kwanza bila kuita tena kampuni ya simu. Angalizo: `crypto.randomUUID()` inafanya kazi kwenye `https` (na `localhost`) tu, kwa hiyo jaribio kwenye anwani ya `http` litakupa kosa.

Halafu kuna jambo linalosahauliwa sana kwetu. Malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money si kusubiri kumoja. Kwanza ombi linaenda sava. Kisha simu inaleta ujumbe wa kuweka PIN, na hapo anayesubiriwa ni mteja mwenyewe! Ukimwonyesha kiduara wakati huo, atakaa akikitazama mpaka muda wa PIN upite. Mwandikie: "Angalia simu yenye namba inayoishia 47, weka PIN." Akishaweka, ndipo useme "Tunathibitisha malipo."

Na akiwa kwenye PIN, ukurasa uko nyuma. Brauza ya simu hupunguza kasi ya `setInterval` (saa ya kuuliza tena na tena) au huisimamisha kabisa. Sikiliza `visibilitychange`, tukio la ukurasa kufichika au kuonekana tena: mteja akirudi, iulize sava hali ya malipo saa ileile.

Kikomo cha muda kikipita, usiandike "Malipo yameshindikana". Hujui bado. Ukiandika hivyo atalipa upya. Andika "Hatujapata jibu, tunaangalia kama pesa imepita", kisha uliza kwa ule ufunguo.

Msimbo_Kadutu

Aksanti sana yaya, aksanti kaka. Yamebaki mawili: "Inatuma…" inafanya kitufe kirefuke na ukurasa unaruka, hasa kwa Kifaransa. Na orodha ya viti, niweke viunzi vya kijivu, yale maumbo matupu yanayoshika nafasi mpaka data ifike?

Fundi_Katuba

Kuruka: kitufe kiwe `display: inline-grid`, weka maneno yote mawili ndani yake, kila moja kwenye `grid-area: 1/1`, na ulifiche moja kwa `visibility: hidden`. Kitufe kitachukua upana wa neno refu tangu mwanzo. Kiduara kiwe SVG ndani ya ukurasa wenyewe. Kikiwa picha ya nje, rezo ikiwa mbaya nacho kitasubiriwa, na kinakula mega za mteja bure.

Viti: viunzi vinafaa mara ya kwanza tu, na viwe na vipimo vilevile vya viti, safu kwa safu. Visionekane kabla ya milisekunde 300. Vikishaonekana, vikae angalau 500, la sivyo vinawaka na kuzimika tu kama taa mbovu. Mtu akibadilisha siku, acha ramani ya zamani ififie lakini isibonyezeke, kwa sababu kiti cha jana si kiti cha leo. Weka `aria-busy="true"` kwenye orodha mpaka data ifike, ili kisoma-skrini kijue bado inapakia.

DadaHimbi

Nyongeza kwa wasioona: kipengele chenye `role="status"`, ambacho kisoma-skrini hutamka maneno yake yakibadilika, kiwepo tangu ukurasa unafunguka, kikiwa kitupu; maneno yaingie baadaye. Ukikileta pamoja na maneno yake, visoma-skrini vingi havitamki chochote. Na aliyechagua mwendo mdogo kwenye simu, msimamishie kiduara kwa `prefers-reduced-motion`, maneno yanatosha.

Kupima: kwenye DevTools (zana za wasanidi) ya Chrome chagua 3G, bonyeza "Lipa", na kabla jibu halijafika geuza iwe Offline (bila mtandao). Kisha rudi nyuma kwa kitufe cha brauza, halafu songa mbele tena. Ukurasa unaweza kurudi kutoka kumbukumbu bado umeandika "Inatuma…"; sikiliza `pageshow` (tukio la ukurasa kuonyeshwa), na `event.persisted` ikiwa kweli, yaani umetoka kumbukumbu, iulize sava hali ya ufunguo kabla ya kurudisha neno "Lipa".