Kambi ya chini ya Everest: je, nipunguze siku za mapumziko?

Mkazi wa Moshi
Habari zenu, ndugu. Mwezi wa Oktoba ninakusudia kwenda Nepal kutembea hadi kambi ya chini ya Mlima Everest, iliyo kwenye mita 5,364. Kwa kuwa nimeshafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ninajiuliza kama naweza kupunguza siku za mapumziko njiani.

Mama Neema
Ndugu yangu, tafadhali usizipunguze. Kilimanjaro mtu hupanda na kushuka upesi, ilhali kule utalala usiku kadhaa juu ya mita 4,000, na mazoea ya mwili kwa hewa nyepesi hupotea baada ya wiki chache tu. Lala usiku wa pili Namche Bazaar, mji mdogo ulio njiani kwenye mita 3,440. Mchana panda kidogo, kisha urudi kulala palepale. Fanya vivyo hivyo Dingboche, kijiji kilicho juu zaidi. Kichwa kikikuuma, usimfiche kiongozi wako, na ukianza kuyumba unapotembea, shuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Bakari
Naunga mkono. Kumbuka pia kwamba njia ya kurukia ndege ya Lukla, mji ambako matembezi huanzia, ina urefu wa mita 527 tu, tena imeinama, hivyo mawingu yakitanda ndege haziruki. Weka siku mbili tatu za akiba kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Mkazi wa Moshi
Asanteni sana. Vipi kuhusu asetazolamidi, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko?

Mama Neema
Muulize daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.