Tupeane uzoefu: mteja wa kwanza wa asubuhi, baraka au nuksi?

Mzee wa Mitumba: Wadau, leo nimenunua shati soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza kwa kijana ambaye alikuwa bado hajafungua, yaani hajauza kitu tangu asubuhi. Kapokea elfu tano yangu, kaigusisha kwenye paji la uso, halafu kaipitisha juu ya nguo zote kama anazipiga pasi. Na bei alinishushia bila ubishi, "we nifungulie tu kaka". Hii imani imetoka wapi? Na nyie yamewakuta yapi?

Buzuruga Yetu: Bibi yangu kule Ukerewe kabla hajafungua hakukopeshi hata chumvi. Ulie ugaregare.

Mama Dagaa: Umenitonesha. Nilikuwa nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba. Giza lilikuwa limeingia, si mnajua mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazina kazi, basi giza likirudi mitumbwi inakuja imejaa na bei inaporomoka. Kila mtu anamtaka mteja wa kwanza. Akaja baba mmoja msafi, shikamoo nyingi, hakupunguza hata mia. Akalipa noti mpya mpya za elfu kumi. Mimi nikazipokea kwa mikono miwili, nikazipangusa kwenye kila gunia, jirani naye akaomba azipitishe kwenye furu wake, wale samaki wadogo wa ziwani. Tajiri wa mtumbwi alipokuja kuchukua chake, akazinyanyua juani, akacheka. Feki zote. Nilikaa chini kwenye mchanga pale pale, kanga ikanidondoka, watu wanadhani nimefiwa. Sasa sikilizeni: kufika adhuhuri mzigo wangu wote ulikuwa umeisha. Na furu wa jirani pia.

Dereva Boda Igoma: Kwa hiyo baraka hazijui noti feki 😂😂

Mtumishi wa Bwana: Dada huyo alikuwa chuma ulete, wale wanaovuta pesa za watu kwa uchawi, mshukuru Mungu. Pesa ya asubuhi iombee kwanza ndipo uichanganye na zako.

Hesabu Kwanza: Chuma ulete gani anayeacha mzigo uishe? Mkuu, giza limeingia, dagaa wa bei chee, lazima waishe. Bei ya kufungulia ina maana yake: asubuhi huna chenji, na meza isiyo na mtu haiiti mtu. Unamshushia wa kwanza ili wa pili amwone.

Mtumishi wa Bwana: Endelea na hesabu zako. Ukikuta droo tupu usinitafute.

Mjomba Nyegezi: Vijana punguzeni. Nilikuwa karani kwenye duka la Mhindi hapa mjini. Mauzo ya kwanza aliyaita bohni, noti anaigusisha machoni, na mteja wa bohni haruhusiwi kuondoka mikono mitupu hata kama faida hakuna. Wahindi wamejaa madukani Mwanza tangu kabla reli haijafika mwaka 1928. Ndiko tulikoiga.

Ng'wana Sengerema: Shikamoo mjomba, lakini hapana. Wazee wetu walibadilishana majembe ya Wazinza na chumvi kabla ya hiyo reli. Kila kizuri tumeiga?

Mjomba Nyegezi: Marahaba. Leta ushahidi kwamba jembe lilipitishwa pajini.

Nguo za Istanbul: Nyote mnagombea kitu cha dunia nzima. Uturuki kuna mwenye duka alitupa noti yangu chini, akaiokota, akajipangusa nayo ndevuni. Wanaita siftah, na wana msemo: siftah kutoka kwako, baraka kutoka kwa Mungu. Wafilipino wanaita buena mano, wanapiga piga bidhaa na hela ya kwanza. Hata Uskoti wana handsel. Popote penye meza na mtu anayesubiri mteja, hii ipo.

Dereva Boda Igoma: Sisi nuksi ni abiria wa kwanza wa mia tano mwenye noti ya elfu kumi. Hilo halihitaji asili.

Mama Ntilie Kamanga: Weka pilipili kichaa kwenye boksi la hela.

Buzuruga Yetu: Usiweke! Utajigusa jicho uone hiyo bahati.

Mama Ntilie Kamanga: Basi fanya kama mimi, nampa mume wangu hela aje anunue chapati ya kwanza.

Hesabu Kwanza: Hapo unamdanganya nani sasa?

Mama Ntilie Kamanga: Tangu nianze chapati hazilali. Mume ndiye analalamika, anataka na chai.

Mzee wa Mitumba: Mama Dagaa, zile noti ulizifanyaje?

Mama Dagaa: Nilizitia jikoni, mzee. Jirani alizililia, alitaka azitumie na kesho yake.