Kufundisha wasaidizi wa kisheria wasimamie madai ya SAGE na fidia ya kazini: nianzie wapi?

mratibu_mpakani
Habari zenu. Nina watu 14 wa kufundisha kwa siku 4, upande wa Busia na Tororo, Uganda. Si mawakili: ni walimu wastaafu, makatibu wa LC1 (baraza la kijiji) na viongozi wawili wa steji ya bodaboda. Kazi yao itakuwa kumsindikiza mzee aliyenyimwa pesa za SAGE (ruzuku ya serikali kwa wazee), na mfanyakazi aliyeumia ambaye bosi anamzungusha. Nimepanga siku mbili za sheria, kisha mbili za mazoezi. Mwenzangu anasema nimegeuza mambo. Na je, asiye wakili anaruhusiwa kumfikisha mteja wapi?

faili_kwanza
Mwenzako yuko sahihi. Wape faili mkononi asubuhi ya siku ya kwanza, sheria waitafute humo.

Zoezi la kwanza liwe moja tu: nani hasa alikataa? Mzee husema "SAGE wamenikataa" wakati SAGE hawajawahi hata kuliona jina lake. Shilingi 25,000 za mwezi ni za aliyefikisha miaka 80, na umri unachukuliwa kwenye rejista ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Kitambulisho kikiandikwa 1951 na mzee alizaliwa 1943, afisa maendeleo ya jamii wa sabukaunti hawezi kubadilisha chochote. Barua ya kurasa tatu kwake ni wino uliopotea. Andaa faili 12 za kubuni, wazigawe mafungu matatu: asiye na kitambulisho, mwenye mwaka uliokosewa, na mwenye karatasi zote safi lakini jina halimo kwenye orodha au malipo yamekatika. Fungu la tatu tu ndilo linaanzia kwa afisa maendeleo. Mawili ya kwanza yanaanzia NIRA.

Watakuuliza pia kwa nini jirani wa miaka 72 analipwa. Wilaya za majaribio zilianza na miaka 65, na Karamoja 60. Walioandikishwa wakati huo waliendelea kulipwa. Programu ilipopelekwa nchi nzima umri ukawa 80. Msaidizi asiyejua hili atamwahidi mzee wa miaka 70 kitu kisichokuwepo.

Nusu siku nzima itumie kwenye ushahidi wa umri. Hapo ndipo faili nyingi hufia. Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni swali lenye jibu ndani yake: "Mzee, ulizaliwa 1944, sivyo?" Ataitikia kwa heshima tu. Uliza, "Siku ya uhuru ulikuwa unafanya nini?" Aliyezaliwa 1945 alikuwa na miaka 16 au 17 Oktoba 1962, akisema alikuwa ameshaolewa na ana mtoto, una pa kushikia. Akisema alikuwa darasa la pili, mwambie ukweli mapema, usimpandishe umri. La pili ni hati za kiapo za kunakili: wazee kumi, maneno yaleyale, shahidi yuleyule. Karani akiona ya tatu, zote kumi zinaingia shaka, hata zile za kweli.

bombo_juu
Nyongeza kwa faili_kwanza: mafunzo mengi husema "leta cheti cha ubatizo" kana kwamba kila mzee alibatizwa. Kwa Waislamu, na hasa Wanubi wa huku Bombo, tafuta karatasi za baba aliyetumikia KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza), tikiti za zamani za kodi ya kichwa, cheti cha ndoa cha msikitini, au cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza. Hicho cha mwisho hakithibitishi mwaka, ila kinaufunga: mama wa mtoto aliyezaliwa 1961 hawezi kuwa alizaliwa 1952. Wafundishe kuandika hesabu hiyo kwa sentensi moja juu ya faili, kwa sababu anayeamua hana muda wa kuipiga mwenyewe.

kalamu_nyekundu
Mimi niseme upande wa fidia tu. Hapa tarehe ndizo kesi yenyewe. Taarifa ya ajali kwa mwajiri: ndani ya mwezi mmoja. Baada ya kuipokea, ana siku 21 za kukubaliana na mfanyakazi kwa maandishi. Zikipita, mfanyakazi anaweza kuomba mahakamani. Kwa hiyo taarifa iwe nakala mbili, moja irudi na muhuri au sahihi na tarehe. Bosi akikataa kusaini, itume pia kwa WhatsApp mbele ya shahidi na uhifadhi picha ya ujumbe. Bila tarehe ya kupokelewa, hizo siku 21 utazihesabu kuanzia wapi?

Hesabu waifanye kwa mkono. Ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 60. Mshahara wa 400,000 unatoa 24,000,000. Daktari akiandika asilimia 20, ni 4,800,000. Asiye na karatasi ya mshahara alete orodha ya miamala ya pesa za simu.

Kisha igizo. Wewe uwe bosi, useme, "Alikuwa mzembe, hakuvaa glavu." Utaona wanafunzi wanaanza kubishana kuhusu glavu. Wakatishe! Sheria ya fidia inalipa hata kama mfanyakazi alizembea, mradi ajali ilitokana na kazi na ilitokea akiwa kazini. Jibu ni sentensi moja, kisha rudi kwenye asilimia. Igizo la pili: bosi anatoa 500,000 na karatasi ya kuweka dole gumba. Hapo msaidizi aseme makubaliano yapite kwa afisa wa kazi, na kiasi kisiwe chini ya kile cha sheria.

Kama kitini chako ni cha kabla ya Julai 2024, kirekebishe. Sheria zilichapwa upya na namba za vifungu zimehama.

mratibu_mpakani
Nimepindua ratiba. Bado lile swali la asiye wakili anaruhusiwa hadi wapi.

faili_kwanza
Kusindikiza kwa afisa wa kazi, kutafsiri, kuandika malalamiko, kufuatilia: sawa. Kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu, kuandaa hati za kesi kwa malipo au kujiita wakili: hapana, Sheria ya Mawakili inakataza. Siku ya 21 ikipita bila makubaliano, faili iende FIDA (chama cha mawakili wanawake) au Justice Centres Uganda, wanaotoa msaada wa kisheria, ikiwa imepangwa kwa tarehe. Na kila msaidizi awe na kijitabu cha kuandika alichoahidi na siku ya kurudi. Mteja mwenye hasira mara nyingi hajashindwa kesi. Ameachwa bila habari miezi miwili.

kalamu_nyekundu
Na asibaki na kitambulisho halisi cha mzee. Nakala tu. Kikipotea mikononi mwa msaidizi, mzee amerudi fungu la kwanza.